Aliyesema Alipata Mayi

Unajua ninachokuja kusema, ndiyo maana macho yako yameshaanza kutafuta pa kwenda. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi unapanda ngazi tatu za kanisa letu hapa mtaani, komini ya Tshopo, unampa shemasi kadi yako mlangoni, unaingia. Ukifika kwenye benchi ya mwisho, ya mkono wa kushoto, unakumbuka ghafla kwamba kiatu chako kina vumbi. Mwaka wa kwanza nilidhani ni aibu. Mwaka wa pili nikadhani una haraka. Sasa tuko 1968, na nimeelewa kwamba ni ufundi: umejifunza kutomwona mtu aliye hatua mbili kutoka kwako, kama mwingine anavyojifunza kushona suruali.

Aliyekuwa akiikalia benchi ile hayupo tangu Noeli. Hata hilo hukuliona.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nieleze. Benchi ile ni ya waliotengwa. Aliyetengwa anaruhusiwa kusikiliza, kuimba na kufagia. Kadi ya Meza hapewi, na bila kadi hali mkate wa Bwana wala hanywi kikombe chake. Akifa, kengele hailii. Kadi zenyewe zililetwa na wamisionari, vipande vya karatasi ngumu vyenye jina na muhuri. Mwaka 1960 tulipewa uhuru na ufunguo wa kanisa katika wiki moja. Majina ya barabara tukabadilisha, kofia za polisi tukabadilisha, Mungu tukamwimbia kwa ngoma. Kadi hatukugusa.

Na kuna neno moja lazima ulijue kabla sijaendelea, maana kwa neno hilo mtu mmoja alikufa na mwingine ametupwa nje.

Kwetu watu wa mtoni, wa Yanonge na Isangi, makanisa yalijengwa ukingoni na watu walibatizwa mtoni, wakizamishwa wazima. "Ubatizo" lilikuwa neno la kitabu. Sisi tulisema mtu "alipata mayi", yaani maji. Mama aliyeletewa mchumba wa binti yake aliuliza kwanza: amepata mayi? Msafiri akifika kijiji cha ugenini aliulizwa hivyo kabla ya kuonyeshwa pa kulala. Hakuna aliyeuliza ni maji gani. Yalikuwa hayo tu.

Mama Émilie, mwenye benchi ile, aliyapata Yanonge mwaka 1938. Alipenda kusimulia. Mmisionari alikuwa na masikio mekundu na aliogopa mamba kupita kiasi. "Alinizamisha mbio-mbio," alisema, "kama mutu anaosha sahani ya jirani." Kisha anacheka mpaka anashika mbavu. Mume wake alifariki mwaka 1957, watoto hakujaliwa, akabaki hapa mjini akiuza pondu, yaani kisamvu, na chikwangue, mkate wa mihogo, sokoni Tshopo. Mimi, Zacharie, fundi wa baiskeli, nilipofika kutoka Isangi bila ndugu, nilikula kwake miezi minane. Hakunidai hata asante.

Sasa twende 1964.

Mwezi wa nane waasi walioitwa Simba waliingia mjini. Mnakumbuka wote, ingawa leo kila mmoja anasema alikuwa amejificha. Nao walikuwa na maji yao. Mpiganaji alichanjwa kifuani, akatiwa dawa, akanyunyiziwa maji, na kuanzia hapo risasi zingegeuka maji mwilini mwake mradi ashike masharti. Asipeane mkono na mtu asiye na dawa. Asiguse mwanamke. Asigeuze kichwa, kulia wala kushoto wala nyuma: atazame mbele tu. Na raia waliotaka usalama nao walinyunyiziwa. Swali la vizuizini likawa moja, kwa mdomo wa kijana mwenye mkuki na jani kichwani: ulipata mayi?

Umeona. Neno letu lilichukuliwa na watu wengine, likapewa kazi nyingine, na hakuna aliyekuja kututangazia.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa kumi, saa nne asubuhi. Kizuizi kilikuwa kwenye daraja la mto Tshopo, upande wa mjini, mapipa mawili na mwanzi katikati. Watu walikuwa wakirudi kutoka mashamba ya ng'ambo na mihogo na kuni, maana mjini chakula kilikuwa kimekwisha. Simba tulikuwa saba.

Ndiyo, tulikuwa. Nimeliandika neno hilo na kulikata mara mbili, sasa naliacha. Niliingia kwao Agosti kwa sababu miaka minne ya uhuru ilinipa njaa na mateke ya askari, nao walisema wamekuja kumaliza kazi ambayo uhuru uliiacha njiani. Niliwaamini. Nina chale tatu kifuani. Pale darajani nilisimama wa mwisho, na mkuki, nikitazama mbele.

Walikuja watatu pamoja. Mbele Mama Émilie, kikapu cha pondu mgongoni. Nyuma yake Nicolas, karani wa posta, mwalimu wa kwaya yetu, mtu mwembamba mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi. Nyuma yake Claudine, mke wake. Walikuwa wametoka kung'oa mihogo katika shamba la Mama Émilie.

"Weye mama," mkubwa wetu aliuliza. "Ulipata mayi?"

Alijibu palepale, kama mtu anayeulizwa jina lake. "Nilipata. Tangu zamani."

Wenzangu wakacheka. "Zamani? Mayi ya hapa ni ya mwezi wa nane, mama."

"Ya kwangu ni ya zamani. Na haijakauka."

Jibu lilimpendeza yule mkubwa. "Huyu iko mutu yetu," alisema. "Apite."

Akapita. Alikuwa amekwenda hatua nne, labda tano, swali lilipomfikia Nicolas.

"Na weye, ya miwani. Ulipata mayi?"

Hapo ndipo Mama Émilie alipoelewa. Sikuuona uso wake, niliuona mgongo. Kikapu kilikuwa kinayumba na hatua zake, na sasa kikatulia kabisa.

Nicolas alikuwa mtu wa mtoni kama sisi. Neno alilijua. Jibu la yule mama alilisikia, na lilikuwa na silabi nne tu. Akavua miwani, akaifuta kwa kola ya shati, akaivaa tena.

"Mayi yenu sikupata," alisema. "Miye ni Mkristo. Mayi yangu ni ingine."

Walimshusha kwenye mawe ya chini ya daraja. Haikuchukua muda. Claudine, ambaye hakuna aliyemuuliza, aliita, "Mama Émilie. Mama Émilie." Hakumwita Mungu, hakumwita mume wake, alimwita yule mama. Na Mama Émilie alisimama pale na kikapu mgongoni, hakugeuka, hakusema huyu na mimi tulipata mayi moja. Nami nilitazama mbele. Masharti ya dawa yaliniruhusu kufanya kile ambacho woga wangu ulikuwa tayari umeamua.

Siku ya tatu Mama Émilie alikwenda kudai mwili. Alikwenda na jirani yake Madina, mwanamke wa ukoo wa zamani wa wafanyabiashara Waislamu, ambaye hata Simba walimwogopa kwa ulimi wake. Madina alimwambia mkubwa wa kizuizi, "Ule mutu wa mawe ni wa kwangu, nipe." Wakampa. Wanawake wale wawili wakamzungushia nguo nyeupe ya marehemu mume wa Madina, wakamzika nyuma ya nyumba, na Mama Émilie akaimba wimbo wote wa maziko, beti zote sita, kwa sauti ya kunong'ona. Pasta wetu, Alphonse, hakuwapo, alikuwa amejificha msituni. Simlaumu. Mtu anayetafutwa ana haki ya kukimbia. Kwa miezi yote minne ya Simba ni Mama Émilie aliyewakusanya wanawake jikoni kwake kila Jumapili, mlango umefungwa, akisoma Injili kwa miwani ya kuazima. Kanisa letu lilikuwa jiko lile. Lingine lilikuwa jengo tu, na mbuzi ndani.

Mwezi wa kumi na moja wakaja wazungu kwa ndege, kisha jeshi, kisha mamluki, na kila aliyekutwa na chale alikuwa maiti. Mimi nilijificha kwenye shamba la Mama Émilie. Alijua nilisimama wapi siku ile. Aliniletea ugali.

Mwaka 1965 Pasta Alphonse alirudi na ndevu nyeupe, na baraza la wazee likaanza kusafisha kanisa. Waliandika papier moja, karatasi ya toba, na kila aliyepokea maji ya waasi alitakiwa kuisoma mbele ya watu: "Mimi, fulani, nilikana ubatizo wangu kwa kupokea maji ya waasi. Naomba kanisa linirudishe." Unasoma, unakaa benchi ya nyuma miezi mitatu, unapata kadi.

Tulisoma watu kumi na tisa. Mimi nilisoma wa saba. Sauti yangu haikutetemeka. Papier haikuuliza nilisimama wapi, na nani, siku gani. Miezi mitatu ikapita, nikapewa kadi mpya yenye muhuri ambao haujakauka, na Jumapili ile ile mtu aliyenipitishia sahani ya mkate alikuwa Claudine.

Mama Émilie hakuitwa kwa papier. Aliitwa kwa sababu Claudine alisimama na kusema: huyu alikiri darajani kwamba alipata maji yao, nilisikia kwa masikio yangu, na kwa hilo alipita. Wazee walimhoji mbele ya kanisa lote. Ulikuwapo. Nitakukumbusha maneno.

"Darajani uliulizwa kama ulipata mayi," Pasta alisema. "Ulijibu nini?"

"Nilijibu nilipata."

"Mayi gani?"

"Ya Yanonge, Pasta. Kitabu unacho weye. Angalia mwaka wa trente-huit, ya thelathini na nane."

"Wao walikuuliza mayi ya Yanonge?"

"Hapana."

"Donc, basi, ulijibu kitu ambacho hawakuuliza."

"Nilijibu kitu ambacho niko nacho."

Mtu alicheka upande wa kwaya. Pasta akagonga meza.

"Ulijua wanauliza nini?"

Angeweza kusema hapana na kwenda nyumbani. "Wakati ya kujibu, hapana," alisema. "Kisha walimuuliza Nicolas, nikajua. Nikanyamaza. Dhambi yangu ndiyo ile, Pasta. Muniandikie papier ya ile, nitasoma. Nitasema nilisikia wanamuuliza ndugu yangu, na sikugeuka."

Pasta aliitazama papier iliyo mbele yake, juu mpaka chini, kama mtu anayetafuta mstari uliodondoka. "Hapa imeandikwa: nilikana ubatizo wangu."

"Ile sikufanya."

"Ni neno tu, mama. Sema, mwezi wa tisa unarudi Mezani."

"Na Nicolas alikufa juu ya nini, Pasta? Si neno tu?"

Claudine aliinuka akatoka nje. Tulisikia viatu vyake ngazini. Kisha wazee wakanong'onezana, na uamuzi ukasomwa: benchi ya nyuma mpaka asome. Wakauliza kama kuna anayepinga. Ulitazama miguu yako. Mimi pia nilitazama yangu, na mimi nilikuwa nimesimama pale darajani, nilikuwa shahidi pekee mle ndani asiye mjane wala mshtakiwa, na mfukoni mwangu kulikuwa na ahadi ya kadi.

Miaka miwili na nusu alikaa pale. Alifika wa kwanza kila Jumapili, akafagia, maana kufagia kunaruhusiwa. Akapanga vitabu vya nyimbo. Wakati wa maasi ya 1966, na yale mengine ya mwaka jana mamluki walipoteka mji tena, watu walilala kanisani na yeye ndiye aliyewapikia. Mlikula. Sahani mlizipokea mikononi mwake bila kumwomba kadi. Kisha Jumapili ya Meza ikifika anarudi nyuma, anakaa, anafungua mikono yake juu ya mapaja na kuitazama, na mkate unapita benchi kwa benchi mpaka benchi iliyo mbele yake, kisha shemasi anageuka.

Siku moja nilimkuta uani akitwanga pondu. Nikamwambia kile nilichokuwa nimekibeba muda mrefu.

"Mama, soma tu ile papier. Miye nilisoma, ikaisha."

"Weye ulikuwa na bahati," alisema bila kuacha mchi. "Ulikuwa na dhambi yenyewe."

Nilicheka, na yeye akacheka. Kisha akaacha kutwanga.

"Zacharie, nikisema nilikana, nitakuwa nimekana. Sasa vile sijakana. Unataka nirudi kwa nyumba ya Baba kwa mlango wa uongo?"

"Basi achana nao. Mungu anakujua. Sali hapa nyumbani, wana shida gani na weye?"

"Na Mungu sina maneno. Yeye hakunifukuza." Akafuta jasho kwa mkono wenye majani. "Ninataka batu, watu wa kanisa. Ninataka mutu wa pembeni yangu anipe sahani na kusema, kamata, dada. Kile Mungu hawezi kunifanyia. Alikiacha kwa batu."

Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuliko wazee wote wa lile baraza, vya siasa na vya dini, hadi gazeti la kufungia karanga nalisoma, na hakuna kilichoniandalia jibu.

Mwezi wa kumi na mbili miguu yake ilianza kuvimba. Kufikia Noeli hakuweza kutembea hadi kanisani. Ndipo nilipokwenda kwa Claudine.

Alikuwa anapiga pasi nguo za watoto. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: kwamba nilikuwa pale na mkuki, kwamba nilisikia, kwamba maji ya Mama Émilie ni ya Yanonge na yeye anajua. Hakuweka pasi chini.

"Nilikuona," alisema. "Siku ile ile. Ulikuwa wa mwisho, na jani kwenye kichwa kama mbuzi ya sikukuu."

"Na umekuwa ukinipa mkate."

"Ulisoma papier. Ulisema ulikosa. Mutu akisema alikosa, Nicolas anabaki alisema kweli."

"Mama Émilie hakukosa kwa lile neno, Claudine."

"Sijui kama hakukosa?" Sasa pasi ikatulia, harufu ya kitambaa kuungua ikapanda, akainyanyua. "Nani wa mtoni hajui? Nilijua palepale darajani. Alors, nisikilize. Kama 'nilipata' ya yule mama ilikuwa kweli, basi hata kwa Nicolas ilikuwa kweli. Angesema neno moja. Neno moja la kweli, tonton Zacharie, si uongo, na angekuwa hapa ananiambia pasi imeungua. Niwaambie watoto wake nini? Baba yenu alikufa juu ya kufafanua?"

Watoto walikuwa chumba cha pili, tuliwasikia wakigombania kitu.

"Wote wawili walisema kweli," nilisema.

"Usiniletee ile. Mimi siwezi kuibeba." Akakunja shati, akalikunja tena ingawa lilikuwa limekunjwa. "Kila mwaka Pasta anasoma jina ya Nicolas kwa mimbari, shahidi wa imani. Ukitoa ile, ninabaki na nini? Na mawe."

Sikumchukia. Nataka ujue hilo, wewe unayependa hadithi yenye mtu mbaya mmoja ili urudi nyumbani umetulia. Claudine alibeba mzigo wake kwa namna aliyoweza. Lakini ninyi, watu mia mbili wenye kadi, mlikubali mama mmoja abebe uongo ili mwingine asibebe swali. Mlikubali kwa sababu ilikuwa rahisi. Kanisa linalomwogopa mjane wake kiasi cha kushindwa kulia naye, linampa adui badala ya machozi.

Januari nilisimama mbele ya baraza, nikasema niliyoyasema kwa Claudine. Pasta Alphonse alinisikiliza mpaka mwisho, na niseme haki yake: macho yake yalikuwa mekundu. Aliinama karibu na sikio langu. "Zacharie, askari wakisikia ulikuwa kwa ile barrière ya daraja, unajua watakufanya nini. Kaa chini. Sikusikia kitu."

"Umesikia, Pasta."

"Basi kama nimesikia, ulidanganya kanisa ulipopewa kadi."

"Sikuulizwa."

"Lete."

Nikaitoa kadi mfukoni nikamwekea mezani. Hivyo leo mimi ni mtu wa benchi ya nyuma, na nimekwenda kuikalia Jumapili mbili, na ninyi mmeanza kufuta viatu tena. Kwa upande wangu mimi siombi kitu. Papier yangu nilistahili kuisoma, na nyingine ndefu kuliko ile.

Jana asubuhi nilipita kwa Mama Émilie. Amekonda uso, miguu ni kama ya mtu mwingine. Madina anamwosha, anampikia uji, anamgombeza akiuacha. Aliponiona alinivuta mpaka uani.

"Weye mutu wa vitabu, nieleze," Madina alisema. "Usiku kucha anaomba ule mukate yenu. Nimemletea mukate ya boulangerie, mzuri, ya moto. Amesema asante, amesema si ule. Ule unauzwa wapi? Nitamutuma mwanangu Sefu na kinga yake, ile baiskeli."

"Hauuzwi, mama Madina."

"Basi unatoka wapi?"

"Kwa watu."

Alinitazama kama mtu anayengoja sentensi iendelee. Kisha akasema, "Na batu wake wako wapi?" Akaingia ndani kabla sijajibu, maana Mama Émilie alikuwa anakohoa.

Nilikaa kando ya kitanda cha Mama Émilie hadi saa sita. Aliniuliza kama kanisa limefagiwa. Nikasema ndiyo, nikadanganya. Aliniuliza kama Claudine hajambo. Kisha akasema polepole, kama anayehesabu mbegu, kwamba akikutana na Nicolas hana wasiwasi, amemwandalia maneno ya kumwambia. Lakini anataka kufika akiwa ametumwa na mtu. "Nisifike kama mutu ametoroka," alisema.

Leo ni Ijumaa. Kesho shemasi atagawa kadi uani mwa kanisa, na keshokutwa ni Jumapili ya Meza. Kanuni ya kumi na moja ya kitabu chetu, ile ambayo wazee wanaijua kama vidole vyao, inasema mwenye kadi anaweza kuomba mkate wa mgonjwa na kikombe kidogo chenye kifuniko, akaupeleka nyumbani yeye na mwenzake mmoja. Haisemi aombe ruhusa ya nani. Haisemi mgonjwa awe na kadi, nimeisoma mara ishirini. Inasema "mgonjwa aliyepata ubatizo". Na ubatizo wake umo katika kitabu cha majina alicho nacho Pasta, ukurasa wa Yanonge, mwaka 1938.

Mimi siwezi, sina kadi. Madina hawezi. Pasta hawezi, ameshajifunga kwa mdomo wake. Wewe unaweza. Kwa mara ya kwanza ile karatasi yako ina kazi ya kufanya.

Basi chukua kadi kesho. Jumapili, sahani ikikufikia, usile sehemu yako ukainama. Simama, sema kwa sauti: naomba mkate wa Mama Émilie. Watakutazama, waache. Shemasi akisita, rudia jina. Kama Claudine yuko benchi yako, usimruke, mwombe awe yeye wa pili, na akikataa usimsukume, chukua mwingine. Kisha tokeni, mteremke barabara ya soko, nyumba ya nne baada ya fundi viatu, yenye mlango wa bluu na Madina amekaa nje. Atauliza ninyi ni nani. Mwambie ninyi ni watu wake. Ingia, kaa pembeni yake, mpe mkononi, na useme: kamata, dada.

Usingoje Jumapili kama uvimbe wa miguu umefika tumboni. Inuka sasa, kagonge kwa shemasi.